Kwa nini dawa hushusha homa lakini haisafishi mpira wa mkojo?

Je, wajua kwamba mgonjwa mwenye mpira wa mkojo, yaani mrija unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo, anaweza kumaliza dozi nzima ya antibayotiki, homa ikaisha, kisha baada ya wiki chache bakteria walewale wakarudi? Huenda maabara haikukosea. Iliandika kwamba dawa inawaua, na kweli inawaua wanaoelea kwenye mkojo. Walioganda ukutani mwa mpira ni habari nyingine.

Tia kidole ndani ya dumu la maji ambalo halijasuguliwa siku nyingi. Ule utelezi ni bakteria waliojishikiza na kujifunika ute wao wenyewe, kama mlenda. Ndani ya mpira mambo ni hayohayo, na huanza mapema: kila siku inayopita, wagonjwa kama 3 hadi 7 kati ya 100 huanza kuwa na bakteria kwenye mkojo. Mwezi ukitimia, karibu wote wanao.

Ndani ya ute huo, kumuua bakteria kunaweza kuhitaji dawa mara 100 hadi 1,000 ya ile inayomuua akielea. Wengi hudhani ute ndio unaoizuia dawa. Unachangia, lakini dawa nyingi hupenya. Kinachonishangaza mimi ni usingizi. Walio chini kabisa hewa haiwafikii vizuri wala chakula, basi hupunguza kasi, na baadhi hulala kabisa. Penisilini huvuruga bakteria anapojenga ukuta wake. Aliyelala hajengi, dawa itavuruga nini? Dozi ikiisha, anaamka na kuzaliana.

Jambo lenyewe ni la kale. Miaka ya 1680 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alichungulia ukoga wa meno, ambao nao ni ute wa bakteria, kwa hadubini, akaona siki aliyosukutulia imeua vijidudu vya juu tu. Vya ndani vilikuwa hai.

Mkorofi kuliko wote ni bakteria aitwaye Proteus mirabilis. Huvunja urea, taka iliyomo kwenye mkojo, mkojo ukawa na ugadi (kinyume cha asidi), chumvi zikaganda kama ukoko wa birika hadi mpira ukaziba. Mipira iliyopakwa madini ya fedha ilitarajiwa kumaliza kazi, lakini utafiti wa Uingereza wa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 6,000 waliowekewa mpira kwa muda mfupi, haukuona faida ya maana.

Ndiyo maana mgonjwa akipata dalili za maambukizi na mpira una zaidi ya wiki mbili, hutolewa, au hubadilishwa kama bado unahitajika, na mkojo wa kupima huchukuliwa kwenye mpira mpya kabla ya dawa kuanza. Mkojo wa mpira wa zamani huweza kuonyesha wakazi wa ule ute, siyo wanaoshambulia kibofu. Kazi hiyo ni ya muuguzi: usiuvute mwenyewe, kwa sababu ndani ya kibofu kuna puto lililojazwa maji.