Unaacha Kipi? Dhana Potofu za Uchumi Tunazozisikia Kigoma

Kabla ya kuuliza kitu ni shilingi ngapi, mwanauchumi huuliza: ukichukua hiki, unaacha kipi? Thamani ya kilicho bora zaidi kati ya ulivyoviacha ndiyo inayoitwa gharama ya fursa. Humo ndimo linamozaliwa pia wazo la faida linganishi, linaloeleza kwa nini watu hubadilishana mali hata pale ambapo mmoja wao anaweza kufanya kila kitu mwenyewe. Darasani mawazo haya hufundishwa kwa mifano ya bunduki na siagi, ambayo haimgusi mtu wa soko la Mwanga wala wa mwalo wa Kibirizi. Matokeo yake hubaki kwenye madaftari, na mitaani zinatawala dhana zinazowapotezea watu fedha.

"Fremu ni yangu, silipi pango"

Hii ndiyo dhana inayokula mitaji ya watu wengi kimyakimya. Tuseme kijana ana duka la vyakula kwenye fremu ya nyumba aliyorithi. Kila mwezi, akishatoa gharama za bidhaa, umeme na leseni, anabaki na shilingi 300,000, naye anaziita faida. Lakini kuna mtu anayeitaka fremu hiyo kwa shilingi 80,000 kwa mwezi, na kijana mwenyewe ameitwa kusimamia ghala la mahindi kwa mshahara wa shilingi 200,000. Vyote viwili ameviacha ili akae dukani. Toa 280,000 kwenye zile 300,000, zinabaki shilingi 20,000. Hizo tu ndizo duka linazomwongezea kuliko ambavyo angepata bila duka. Mwezi ambao biashara italegea kidogo, atakuwa anakula hasara huku daftari lake likionyesha faida.

Simwambii afunge duka. Huenda anathamini kujitawala, au anaona mtaa unakua na wateja wataongezeka, na hayo nayo yana uzito wake. Ninachotaka ni aamue huku akiijua hesabu nzima. Na katika hesabu hiyo awaingize mkewe na watoto wanaokaa dukani jioni bila malipo. Mke huyo angeweza kukaanga maandazi yake, na mtoto angekuwa anasoma. Inaniuma kusikia kazi ya mama wa nyumbani ikitajwa kana kwamba ni ya bure kwa sababu tu hakuna anayemlipa.

"Gharama ya fursa ni jumla ya vyote ulivyoviacha"

Hapana. Hapo juu tumejumlisha pango na mshahara kwa sababu fremu na mwenye fremu ni rasilimali mbili, na kila moja ingepata kazi yake kwa wakati mmoja. Lakini kama kijana huyo angeweza kusimamia ghala, au kuendesha bodaboda, au kufyatua matofali, hatuzijumlishi zote tatu. Mtu ni mmoja. Inahesabiwa ile iliyo bora tu.

"Asiye na ajira, muda wake hauna bei"

Muda una bei, tena bei hiyo hupanda na kushuka, na wanaolijua hilo vizuri ni wavuvi wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: giza likiwa nene, mwanga huwavuta hadi kwenye wavu. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti tena kama kawaida, mavuno hupungua, na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Sasa mfikirie mvuvi mwenye shamba la mihogo. Usiku wa giza, akilala ili awahi shamba alfajiri, ameacha mavuno ya usiku mzima, kwa hiyo palizi ya siku hiyo ni ghali mno kwake. Siku za mbalamwezi, palizi ile ile, kwa jembe lile lile, inamgharimu kidogo sana. Ndiyo maana siku hizo ndizo za kushona nyavu na kuziba mitumbwi. Hesabu hiyo wavuvi wanaipiga vizazi na vizazi bila kuhitaji mwalimu.

"Nimeshaweka hela nyingi, siwezi kuacha"

Mtu amenunua injini ya mtumbwi kwa milioni 2, imekufa, na fundi anataka 900,000 kuifufua. Injini nyingine ya aina hiyo hiyo, iliyo nzima, inauzwa 700,000. Wengi watamlipa fundi "ili ile milioni 2 isipotee". Imeshapotea. Hakuna uamuzi wa leo utakaoirudisha, na swali lililobaki ni kati ya 900,000 na 700,000.

"Samaki wa ziwani ni wa bure, Mungu katupa"

Mungu katupa, ndiyo, lakini samaki mchanga anayevuliwa leo ana gharama: ni yule mkubwa ambaye angevuliwa baadaye, pamoja na uzao wake. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa ulifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Manung'uniko yalikuwa mengi, nami sikuyaona kuwa ya kipuuzi. Anayeacha mavuno ya leo ni mvuvi na mama mwanika dagaa, ambao wana watoto wa kulisha kesho asubuhi. Faida ya ziwa kupumzika inagawanywa kwa wote, lakini gharama ya fursa inawaangukia wachache. Kuutetea uamuzi huo bila kulitaja hilo ni kueleza nusu ya uchumi.

"Anayewashinda wenzake kwa kila kitu hana haja nao"

Hapa ndipo watu wengi hukwama, hata waliosoma. Ukweli wake hauonekani kwa macho, lazima upige hesabu.

Tuchukue dada na mdogo wake wanaoishi kando ya ziwa. Kazi zao ni mbili: kuanika dagaa kwenye vichanja, kuwageuza na kuwachambua, na kukamua mawese, yaani kuchemsha chikichi, kutwanga na kukamua. Kwa siku moja dada anaweza kumaliza ndoo 10 za dagaa, au akiamua mawese, lita 20. Mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza anajifunza, anamaliza ndoo 2 za dagaa au lita 10 za mawese. Dada anamshinda kwa vyote.

Kila mmoja akijitegemea kwa siku sita, tatu za dagaa na tatu za mawese, dada atapata ndoo 30 na lita 60, na mdogo ndoo 6 na lita 30. Jumla yao ni ndoo 36 na lita 90.

Sasa uliza swali letu: kila ndoo ya dagaa inawafanya waache mawese kiasi gani? Dada anaacha lita 2. Mdogo anaacha lita 5. Dagaa wa mdogo ni ghali mno. Lakini igeuze: kwa kila lita ya mawese dada anaacha nusu ndoo ya dagaa, na mdogo anaacha moja ya tano tu. Kwa kipimo hicho, mawese ya mdogo ndiyo ya bei nafuu pale nyumbani, ingawa mkamuaji ni mzito kuliko dada yake. Hiyo ndiyo faida linganishi.

Basi mdogo akamue mawese siku zote sita, apate lita 60. Dada aanike dagaa siku nne, apate ndoo 40, na akamue mawese siku mbili, apate lita 40. Jumla sasa ni ndoo 40 na lita 100. Zimeongezeka ndoo 4 na lita 10, na hakuna aliyeongeza hata saa moja ya kazi wala aliyeongeza ujuzi. Wakikubaliana ndoo moja kwa lita 3, mdogo akatoa lita 24 na kupewa ndoo 8, yeye anabaki na ndoo 8 na lita 36, na dada ana ndoo 32 na lita 64. Linganisha na walivyokuwa mwanzo: wote wawili wamezidi kwa dagaa na kwa mawese.

Mwaka 1817 David Ricardo, aliyetajirika kwa biashara ya hisa London kabla ya kuandika uchumi, alitumia hesabu ya namna hii kwa Uingereza na Ureno. Katika mfano wake, Ureno ilihitaji watu 90 kutengeneza kitambaa na 80 kutengeneza divai, na Uingereza ilihitaji 100 kwa kitambaa na 120 kwa divai. Ureno ilishinda kote kuwili, na bado ilifaa zaidi itengeneze divai na kununua kitambaa cha Waingereza. Mnyonge akipatikana hana lolote analowazidi wengine, bado kuna kazi ambayo akiifanya anaacha kidogo kuliko wao. Nalitaja hili mara nyingi kwa vijana wanaodhani kwamba kwa kuwa si bora popote, hawana nafasi sokoni.

"Eneo linalojitosheleza kwa kila kitu ndilo tajiri"

Uvinza, hapa mkoani kwetu Kigoma, inajibu. Chemchemi zake za maji ya chumvi zimechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914 chumvi hiyo ilikuwa ikisafiri mbali, ikibadilishwa kwa mali za wengine. Waliokuwa wakiinunua wangeweza kuchoma majani na kuchuja jivu ili wapate chumvi kidogo na chungu. Waliona ni afadhali kushika kazi zao na kununua ya Uvinza.

"Malaysia walianza kwa mbegu zetu, faida ilikuwa yetu wakatuibia"

Kigoma nzima tumekua na hadithi hii. Lakini asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi, si Kigoma, na mashamba makubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki yalitokana kwa sehemu kubwa na miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Malaysia ilianza kilimo cha biashara cha zao hilo mwaka 1917. Leo Tanzania inanunua mafuta ya mawese kutoka huko.

Ndani ya hadithi hiyo kuna dhana kubwa zaidi, kwamba faida linganishi huzaliwa na ardhi na haihami. Huhama, kwa utafiti, barabara na mbegu. Michikichi mingi ya zamani ya Kigoma ni dura, yenye kokwa la ganda nene na nyama kidogo ya kukamua. Kituo cha Kihinga cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinazalisha miche ya tenera, chotara wa dura na pisifera (aina ambayo kokwa lake halina ganda), yenye ganda jembamba na mafuta mengi zaidi.

Ni kweli pia kwamba si kila mtu hufaidika bei inaposhuka. Mafuta ya nje yakiingia kwa bei ndogo, mpishi wa chipsi Dar es Salaam anapata nafuu na mkamuaji wa Simbo, Kigoma, anaumia. Jumla ya nchi inaweza kuongezeka huku kaya yake ikirudi nyuma. Nadharia ya Ricardo inasema keki ya wote itakua. Haisemi nani atapewa kipande.

Naye mkamuaji huyo akishauriwa ang'oe dura apande tenera, bei ya mche ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Mche mpya huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na muda wote huo anayakosa mawese na mise, yaani kokwa za chikichi, za miti aliyoing'oa. Akibadilisha shamba kwa safu chache kila msimu, na kupanda maharage katikati ya miche kabla kivuli hakijafunga, anaacha kidogo kila mwaka, na jikoni mafuta hayakatiki.