"Imelika kiasi gani?" Maana ya hali ya sarafu kwa anayeanza kukusanya

Mtu akivunja kibubu cha bibi yake akaikuta shilingi ya zamani, huuliza kwanza ni ya mwaka gani. Mjuzi wa sarafu haanzi hapo. Huigeuzageuza kwenye mwanga, kisha anataka kujua imelika kiasi gani. Hiyo ndiyo hali ya sarafu: mchoro ilioondoka nao kiwandani umebaki kiasi gani baada ya kupita mifukoni, kwenye madroo ya maduka na mikononi mwa makonda wa daladala.

Mwaka nao una kazi yake, ila ukiutegemea peke yake utakupoteza. Riyali ya Maria Theresa, malkia wa Austria, lile pande la fedha lililotumika sana Unguja na Pemba zama za masultani, huandikwa 1780 siku zote, hata ile iliyopigwa, yaani iliyotengenezwa kiwandani, karne ya 20. Wafanyabiashara wa Arabuni na wa pwani yetu walikwisha kuizoea sura ile, basi wapigaji wakaiacha kama ilivyo. Na pesa ya shaba ya Sultan Barghash wa Zanzibar, yenye mizani upande mmoja na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ni kongwe kuliko senti za Sultan Ali bin Hamud za 1908 zenye mnazi. Lakini pesa ya mizani ilipigwa kwa wingi, na senti ya mnazi ni adimu mno. Ukongwe na uadimu ni vitu viwili.

Tuje kwenye kulika kwenyewe. Sarafu hulika pale palipoinuka, kama ngazi inavyolika katikati panapokanyagwa. Huhitaji kitu cha makumbusho ili kujifunza hili. Shilingi 200 ya Tanzania yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili inatosha. Zipo za 1998 na zipo za 2014. Omba chenji, zikusanye nne tano, zipange juu ya kitambaa karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavu. Usitazame maandishi kwanza. Tazama shavu la Mzee, nyusi zake, halafu manyoya ya simba. Kwenye iliyotumika kidogo utaona mistari ya manyoya. Kwenye iliyochoka, pale penye manyoya pamebaki utelezi tu, na uso umekuwa kama kivuli. Ukishaziona mbili hizo pamoja, jicho halisahau, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini sarafu mbili za mwaka mmoja, kutoka kiwanda kimoja, haziuzwi bei moja.

Wenye kazi hii huzipanga kwa ngazi: ambayo haijatumika kabisa, iliyotumika kidogo, iliyolika lakini inasomeka, na ile ambayo unabahatisha tu kuwa ni shilingi. Kati yake kuna vingazi vingi ambavyo, kwa maoni yangu, anayeanza hana haja ya kuvikariri. Afundishe jicho kwanza.

Kuna kosa moja linalofanywa na karibu kila mtu kwetu, na mimi nimelifanya. Tumelelewa tukiona masinia ya shaba yakisuguliwa kwa ukwaju, ndimu na majivu mpaka yanang'aa siku ya arusi. Basi ukipata pesa ya mizani iliyopiga weusi, mkono unakwenda kwenye ndimu wenyewe. Usithubutu! Ule weusi au ukahawia ni ngozi ambayo shaba imejijengea kwa miaka, na majivu hukwaruza mchoro kwa vikwaruzo vidogo ambavyo mnunuzi huviona mara moja. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa, lakini ni ng'aro ya uongo, na thamani yake hushuka. Nilisugua moja ya bibi nikadhani nimeitendea wema. Ikiwa ina udongo, ioshe kwa maji matamu, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini, basi. Ishike ukingoni, si usoni, maana jasho la vidole huacha alama. Na hewa yetu ya bahari ina chumvi, kwa hiyo bahasha ndogo za karatasi kavu ni bora kuliko vifuko vya plastiki laini, ambavyo baadhi yake hutoa utelezi wa kijani ukashikamana na shaba.

Sarafu iliyotobolewa nayo huwachanganya wengi. Riyali nyingi zilitiwa tundu au kikonyo zikawa mikufu. Kwa mwenye mkufu ni pambo lenye heshima yake, ila kwa mkusanyaji tundu hilo ni jeraha. Tofauti kabisa na tundu la peni, ile senti 10 ya Afrika Mashariki, au la ndururu ya senti 5, ambalo lilitoka nalo kiwandani: la duara, la katikati, na mchoro umepangwa kulizunguka.

Peni hiyo inastahili kusimuliwa. Zanzibar iliacha rupia na kuingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936. Mwaka huohuo Uingereza ilipata mfalme, Edward VIII, aliyejiuzulu mwezi Disemba kabla hata ya kuvishwa taji. Kwao hazikuwahi kutolewa sarafu za matumizi zenye sura yake. Lakini peni na ndururu zetu, kwa kuwa zina tundu katikati, hazikuwa na nafasi ya sura ya mtu. Zilihitaji jina na taji tu, basi zikapigwa kwa mamilioni na jina lake: EDWARDVS VIII. Sarafu za mfalme aliyekaa miezi isiyofika kumi na mbili zikawa chenji ya kununulia vitu vya sokoni huku kwetu.

Wanaoanza wakisikia kisa hicho hudhani wameokota utajiri. Hapana, zilizolika ni nyingi na bei yake ni ndogo. Lakini ukikutana na moja, igeuze upande wa pembe za ndovu zinazolizingira tundu, uitegeshe kwenye mwanga. Kama migongo ya pembe bado imeinuka na ncha zake ni kali, iweke kwenye bahasha yake peke yake.