Kidonge hakimngojei bwana ashuke kwenye basi

Alhamisi iliyopita mama mmoja aliketi mbele yangu, akatoa plaketi yake (ile karatasi ngumu yenye vidonge) ya uzazi wa mpango kwenye mkoba na kuiweka mezani kama mtu anayerudisha kitu kibovu dukani. "Muganga, hii dawa yenu haina nguvu. Niko na mimba." Niliishika plaketi, nikaigeuza. Vidonge vyeupe 5 vilikuwa vimetoka, vilivyobaki vyote vilikuwa mahali pake. Nikamuuliza hivi vingine vilibaki kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua: "Bwana iko Kolwezi. Anarudi mwisho wa mwezi. Zile siku zingine nitakunywa juu ya nani?"

Huyo alikuwa wa nne tangu mwezi uanze. Mimi ni mkunga hapa Katuba, Lubumbashi, na mitaa yetu imejaa wanawake ambao waume zao wako kwenye migodi ya Kolwezi, Fungurume, Likasi, au wanaendesha malori ya Kasumbalesa, mpakani. Wanakuja nyumbani siku chache, wanaondoka. Na wake zao, wanawake wenye akili, wanaohesabu pesa ya unga hadi faranga ya mwisho, wanahesabu vidonge hivyohivyo: bwana akipiga simu kwamba yuko njiani, plaketi inatolewa, basi likiondoka, plaketi inarudi chini ya nguo. Nimelieleza jambo hili mara nyingi mno. Leo naliandika ili niweze kumpa mtu simu yangu asome.

Kichwa kikiuma unameza parasetamoli, kikipoa unaacha. Kidonge cha uzazi wa mpango hakifanyi kazi hivyo. Hakipigani na mbegu za mwanaume usiku ule mnapolala pamoja. Kinafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, hilo ni kweli, lakini tegemeo letu kubwa ni kwenye ovari: homoni zilizomo zinanyamazisha ishara zinazotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, na bila ishara hizo ovari haikomazi yai wala kulitoa. Ovari nayo hailazwi na kidonge kimoja. Tunahesabu vidonge 7 vyenye homoni, siku 7 mfululizo, ndipo tunasema imelala. Mwanamke anayeanza ndani ya siku 5 za kwanza za hedhi amelindwa tangu mwanzo, kwa sababu wakati huo yai bado liko mbali. Akianza siku nyingine yoyote, anatumia kondomu hadi vitimie vidonge 7.

Sasa mchukue bwana aliyefika Ijumaa na kuondoka Jumatano. Mkewe amemeza vidonge 5. Ovari haijalala. Kama yai lilikuwa karibu kutoka, vidonge hivyo vinaweza kushindwa kulizuia. Na mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5. Bwana ameshafika Kolwezi, amevaa kofia yake ya kazi, ameingia zamu; mbegu zake bado ziko Katuba zinangoja. Mama anasema, "Lakini alipokuwa hapa nilikunywa kila siku!" Ndiyo, mama, ulikunywa. Ulipaswa kuwa umeanza muda mrefu kabla hajafika.

Halafu kuna damu. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linawadanganya hata wanawake waangalifu. Ukimeza vidonge 5 ukaacha, homoni zinashuka, na utando wa kizazi uliokuwa umeshikiliwa nazo unaweza kubomoka. Siku mbili tatu baadaye unaona damu. Wewe unasema: nimeona mwezi, niko salama. Hujaona mwezi. Hiyo ni damu ya kuacha dawa, na haithibitishi chochote kuhusu yai. Mbaya zaidi, unaanza kuhesabu "siku za hatari" kutoka kwenye damu hiyo, na hesabu yote inakwenda kombo. Mwezi unaofuata bwana anarudi, unarudia, damu inatoka tena ovyo, na jirani anakuambia, "Unaona? Vidonge vinaharibu kizazi." Kizazi hakijaharibika. Kinapokea homoni leo, kinanyimwa kesho, nacho kinamwaga damu kila kinaponyimwa. Wanawake wengi wanaoniambia vidonge viliwasumbua kwa damu, nikiwauliza polepole bila kuwakaripia, nakuta walikuwa wanakunywa na kuacha. Ndiyo maana siku hizi mtu akisema ameona mwezi, namuuliza kwanza lini alimeza na lini aliacha.

Kuna neno jingine ninalotaka kulisema kwa sauti, hata kwa wenzangu wa kazi. Mwanamke akija kusema amesahau vidonge, tunakimbilia kuuliza amesahau vingapi. Ulizeni pia ni vidonge gani! Plaketi nyingi tunazotoa zina vidonge 28: 21 vyeupe vyenye homoni, na 7 vya rangi ya kahawia ambavyo havina homoni, vina madini ya chuma. Katika siku 7 za kahawia ovari inaanza kuamka. Ishara zinarudi, kifuko cha yai kinaanza kukua. Siku ya 8 kidonge cheupe cha plaketi mpya kinaingia na kuirudisha usingizini kabla haijafika mbali. Siku hizo 7 ndizo mpaka. Hakuna nafasi ya kuongeza. Anayechelewa kuanza plaketi mpya siku 3 kwa sababu duka la dawa lilifungwa, au kwa sababu "bwana bado hajafika", ameipa ovari siku 10. Huyo yuko katika hatari kubwa kuliko aliyesahau katikati ya plaketi baada ya kumeza vyeupe wiki mbili bila kuruka. Na aliyesahau vya kahawia hajapoteza kitu: avitupe alivyoruka, aendelee.

Mwaka jana mama mmoja alinionyesha plaketi ambayo vidonge vyote vya kahawia vilikuwa vimeliwa na vyeupe vilikuwa kamili. Alikuwa amesikia, labda kwangu, kwamba vya kahawia havina dawa ya kuzuia mimba. Basi akavimeza bwana alipokuwa mbali, ili asipoteze mazoea ya kunywa kila jioni, na vyeupe, vile vya nguvu, akaviweka akiba kwa ajili ya bwana. Sikuweza kumlaumu. Akili yake ilipanga vizuri kabisa kutokana na maneno machache aliyopewa. Sisi ndio tulimwambia kipi hakina dawa bila kumwambia kwa nini kipo, na kwamba mpangilio wa plaketi ndio dawa yenyewe.

Nisemeje kwa aliyesahau? Kimoja: kimeze mara unapokumbuka, hata kama ni kumeza viwili siku moja, kisha endelea kama kawaida. Vingi mfululizo: meza kimoja mara moja, endelea, tumia kondomu siku 7. Ikiwa ilikuwa wiki ya tatu ya vyeupe, maliza vyeupe, tupa vya kahawia, anza plaketi mpya siku inayofuata. Sasa, "vingi" ni vingapi? Hapa nitasema ukweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kwa vidonge vya kawaida, unaweka mstari kwenye 3. Mwongozo wa Marekani unaweka kwenye 2. Wote wawili wana watu wenye elimu kunizidi, na mwili wa mwanamke aliye mbele yangu siwezi kuuona kwa ndani nikajua ovari yake inaamka haraka au polepole. Mimi nawaambia 2. Nafanya hivyo kwa sababu naijua Katuba: anayekumbuka kwamba amesahau viwili, mara nyingi amesahau vitatu.

Mengine nayapitia haraka. Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, meza kingine. Amoksisilini haiharibu kazi ya kidonge, lakini rifampisini ya kifua kikuu inaiharibu, pia baadhi ya dawa za kifafa na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI, mwambie anayekupa. Anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi hivi ninavyovieleza, ambavyo vina homoni 2, anapewa vya homoni moja, na hivyo havina siku za mapumziko na vinataka saa ileile kila siku: ukichelewa zaidi ya saa 3 tayari umechelewa. Mwenye presha ya juu, au mwenye miaka 35 na zaidi anayevuta sigara, tutafute njia nyingine. Na hakuna haja ya "kupumzisha mwili" kila baada ya mwaka. Vidonge havilundikani tumboni. Ukiacha leo unaweza kushika mimba mwezi huuhuu, jambo ambalo wanaopumzisha mwili wanalijua baadaye.

Wanawake 100 wakinywa bila kuruka hata siku moja, kwa mwaka mzima hata mmoja hatimii wa kushika mimba. Wakinywa kama watu wanavyokunywa kweli majumbani, wanashika kama 7. Watu wanaona tarakimu hizo wanasema dawa ina udhaifu. Mimi naona basi la Kolwezi.

Wako pia wanaofanya kinyume: wanakunywa vizuri bwana akiwa mbali, wanaacha akirudi, kwa sababu plaketi imefichwa ndani ya ndoo ya unga wa bukari na yeye hapaswi kuiona. Kwa hao sisemi habari ya kukumbuka. Nawaonyesha sindano ya miezi 3, au kijiti cha mkononi kinachokaa miaka. Na nimeanza kujiuliza kama hata yule ambaye bwana wake anarudi siku 4 kila baada ya wiki 6 anahitaji kweli homoni kila siku ya maisha yake. Kwa wengine kondomu zingetosha, kama bwana angekubali. Hapo mara nyingi mazungumzo yanakatika, na sina dawa ya hilo.

Mama wa Alhamisi aliniuliza kama vile vidonge 5 vitamdhuru mtoto. Havitamdhuru. Alivuta pumzi, akanyamaza kitambo, kisha akaniomba nimweleze habari ya kijiti, kwa ajili ya baadaye.

Na wewe unayesoma huku plaketi yako imetoboka hapa na pale: kama leo ni Jumanne na bwana anafika Ijumaa, usingoje Ijumaa. Kwanza tuhakikishe huna mimba. Kipimo ni mkojo kidogo tu. Kisha meza cheupe leo, kesho, keshokutwa, na kondomu hadi vitimie 7, hata kama yeye ataondoka kabla havijatimia. Akiondoka, endelea kumeza. Kama mmeshalala pamoja ndani ya siku 5 zilizopita bila kinga, kipo kidonge cha dharura, na kila saa inayopita inakipunguzia nguvu. Njoo siku yoyote, usingoje siku ya uzazi wa mpango. Na plaketi njoo nayo, hata kama unaona haya kunionyesha.