Telomea ndefu haziuzwi kwa chupa: maelezo kwa wakaaji wa Lubumbashi

Malalamiko kuhusu kapsuli za "kurefusha telomea na kurudisha ujana" yameongezeka, na labo yetu imeombwa itoe maelezo.

Katika seli zake nyingi binadamu ana kromosomu 46, yaani nyuzi za DNA zinazobeba urithi, maana yake ncha 92. Kila ncha, yaani telomea, ni herufi TTAGGG zilizorudiwa mara nyingi sana. Shida ni kwamba ncha ya DNA inafanana na DNA iliyokatika, na seli haivumilii mkatiko, huuunganisha mara moja. Kromosomu mbili zikiunganishwa ncha kwa ncha, huweza kupasuka seli inapogawanyika. Kwa hiyo ncha lazima itambuliwe kuwa ni ncha, kisha ifunikwe.

Kazi hiyo ni ya protini sita ziitwazo kwa pamoja shelterini. TRF1 na TRF2 hushika sehemu yenye nyuzi mbili. Kila moja hufanya kazi ikiwa jozi, na kila mwenzi katika jozi ana kipande chenye heliksi tatu, yaani sehemu za protini zilizojisokota kama springi. Heliksi ya tatu hulala ndani ya mfereji mpana wa DNA na kupapasa kando za herufi bila kuzitenganisha nyuzi. Herufi moja muhimu ikibadilika, mshiko hulegea. POT1 ina tabia nyingine kabisa: hushika uzi mmoja unaobaki ukining'inia mwishoni, na hupenda herufi kumi hasa, TTAGGGTTAG. TIN2 na TPP1 huziunganisha pande hizo mbili, na RAP1 hukaa juu ya TRF2. TRF2 husaidia pia uzi huo kurudi nyuma na kujichomeka katika nyuzi mbili, hata ncha ikawa kitanzi.

Sasa, kapsuli. Hata kama ingekuwa na protini hizi, protini iliyomezwa humeng'enywa tumboni pamoja na bukari na samaki. Tumelisema hili mara nyingi mno. Shelterini hutengenezwa na seli yenyewe. Nayo telomerasi, kimeng'enya kinachoongeza TTAGGG, ambacho utafiti wake, pamoja na ule wa telomea zenyewe, uliwapatia Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak tuzo ya Nobel mwaka 2009, imezimwa katika seli nyingi za mtu mzima, ila imewashwa katika saratani nyingi. Baadhi ya watu waliozaliwa na POT1 yenye kasoro wana telomea ndefu kupita kawaida, na hatari yao ya melanoma, saratani ya ngozi, ni kubwa zaidi. Anayetafuta telomea ndefu ajue anatafuta nini.

Hatusemi kila mwuzaji anadanganya kwa makusudi. Lakini dawa inahitaji kibali cha kuuzwa sokoni, AMM, kinachotolewa na ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo. RCCM, yaani usajili wa biashara, si AMM. Karatasi ya forodha si AMM. Picha ya daktari kwenye boksi, tafadhali, si AMM.

Mwenye malalamiko alete chupa pamoja na boksi lake, hata kama imebaki kapsuli moja, na risiti ikiwepo. Asibandue lebo: namba ya loti ndiyo inayoandikwa kwanza kwenye PV, yaani hati rasmi ya mkaguzi, na bila namba hiyo mkaguzi hawezi kuifuatilia bidhaa hadi kwa aliyeiingiza. PV isomwe kabla ya kutiwa sahihi, na kila upande ubaki na nakala. Bidhaa isiyo na kibali inaweza kukamatwa, na faili kupelekwa parke, yaani kwa waendesha mashtaka. Kurudishiwa pesa ni shauri jingine, wakaguzi hawalipi.

Aliyekwisha kuzimeza na kujisikia vibaya aende kwanza kituo cha afya, aonyeshe chupa huko. PV itangoja.