Sugu ni kidudu, si mwili wako

Juzi niko kwa foleni ya kemisti hapa Kawangware, mama aliye mbele yangu anamwambia kijana wa kaunta, "Amoksilini usinipe, mwili yangu ishakuwa sugu, leta kitu kali." Kijana akaitikia kwa kichwa, akafungua droo (amoksilini ni ile dawa ya kuua bakteria). Hii kitu nimeisikia kwa matatu, kazini, hadi kwa redio, na leo wacha niiseme.

Usugu wa dawa ni pale kidudu, iwe bakteria ama kimelea cha malaria, kinapoendelea kuishi licha ya dawa ambayo zamani ingekiua. Basi. Mwenye usugu ni kidudu.

Lakini neno lenyewe ni tamu, na naona hapo ndipo watu hupotelea. Sugu ni ile ngozi ngumu ya mahali panaposuguliwa kila siku: kiganja cha mtu wa mjengo, kisigino, paji la mzee aliyesujudu miaka na miaka. Sugua, sugu, sikiliza tu. Ndio tukapata mhalifu sugu wa taarifa ya saa moja. Sasa sugu ya kiganja iko kwa mwili wako, kwa hivyo mtu akisikia usugu anajiangalia yeye.

Na tena sugu ya kiganja inamea kwa ngozi ileile iliyosuguliwa, bakteria haendi hivyo, hakai akizoea dawa polepole vile wewe ulizoea pilipili. Angalia kanjo, askari wa jiji, wakishuka barabara ya Tom Mboya kusaka wachuuzi (mnisamehe): anayeshikwa ni mgeni asiyejua vichochoro, ama yule ametandaza mali mingi. Rudia msako kila wiki na utabakisha wale wa kukunja shuka na kupotea kabla hujageuka. Kanjo hawajafunza mtu mbio, wenye mbio ndio wamebaki. Dawa nayo inaua wale dhaifu, wachache waliokuwa na mbinu tayari wanabaki na nafasi yote, wanazaana, na bakteria wengine hata hupeana hiyo mbinu, kipande cha DNA kinatoka kwa huyu kinaingia kwa yule.

Mwili kuzoea upo, sikatai. Jamaa alikuwa analewa na chupa mbili, leo sita hazimtingishi, huo ni mwili. Kujikinga pia ni kazi ya mwili: aliyekulia Siaya akiumwa malaria tangu utotoni hupata kinga kiasi, na akikaa Nairobi miaka mingi inapungua, ndio unasikia ameenda ushago Desemba akalazwa. Hiyo ni kinga, na kinga ni yako.

Usugu si wako. Klorokwini iliondolewa kama dawa ya kwanza ya malaria hapa Kenya 1998, na wakati huo ilikuwa inashindwa hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuonja tembe moja. Mwili wake ungezoea saa ngapi? Aliumwa na mbu aliyebeba kimelea kilichokuwa sugu kitambo.

Kwa hivyo mama, mwili wako hauna neno. Kama kweli amoksilini imekataa, huenda ulikuwa na homa ya virusi, na hiyo haiguswi na amoksilini hata kidogo, ama umebeba bakteria sugu, na hao wanaweza kuhamia kwa huyo mtoto uliyemfunga mgongoni hata kama yeye hajawahi kumeza kidonge. Waulize wakupime kwanza.