Je, wajua kwa nini kitabu cha kujichapishia hulala Januari na kutembea Agosti?

Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Wengi huona hilo ni jambo la wakulima. Mimi naamini ndilo linaloamua, kuliko jalada zuri au uzinduzi wenye keki, kama kitabu ulichochapisha kwa hela zako Mbeya, Iringa au Njombe kitafika kwa wasomaji au kitabaki kwenye maboksi uvunguni mwa kitanda.

Mchukue mwalimu wa Mbozi mwezi Januari. Ametoka kulipa ada, amenunua sare na madaftari, na shambani mahindi yanadai mbolea ya kukuzia. Ukimpelekea kitabu cha shilingi 10,000 atakigeuza, atasoma maelezo ya nyuma, atakusifia kwa dhati, kisha atakwambia, "Ndugu yangu, tuonane mambo yakikaa sawa." Mrudie Julai. Mahindi yanavunwa, kahawa inachumwa, na huko Mbarali na Kyela mpunga umeshapigwa. Kitabu kilekile, mtu yuleyule, na sasa anatoa simu akuulize namba ya kulipia. Ndiyo maana inaniuma kusikia kila siku kwamba Watanzania hawasomi. Mara nyingi tumewafuata wakati mfuko uko shambani.

Kalenda hii haiko sawa kila mahali. Rungwe na Mufindi kuna chai, na jani huchumwa karibu mwaka mzima, tena kwa wingi zaidi wakati wa mvua, kwa hiyo Tukuyu hata Machi unaweza kujaribu bahati. Wanafunzi wa chuo cha Mkwawa kule Iringa au wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapa Mbeya, wana msimu wao: bumu, yaani hela ya mkopo wa masomo, likitoka, riwaya inanunulika.

Lakini soko kubwa la wazi ni Nane Nane, maonyesho ya wakulima, katika viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya, wiki ya kwanza ya Agosti. Watu hufika pale wakiwa wameshapanga kutumia hela. Mwandishi aliyepanga vitabu mezani na kukaa nyuma yake akichezea simu atapitwa siku nzima. Anayeuza ni yule anayesimama.

"Shikamoo mama. Naomba nikusomee kidogo tu."

"Marahaba. Soma, nasikiliza."

Anasoma nusu ukurasa, pale kisa kinapokolea, halafu ananyamaza. Mama atauliza kilichofuata, na akishauliza, kazi iliyobaki ni ndogo.

Sasa, kama Agosti ndiyo yenye hela, kwa nini wengi wanachapa Desemba na kuzindua Januari? Ukiacha ile hamu ya kuanza mwaka na jambo jipya, kuna mtego wa kiwandani. Katika uchapaji wa ofseti, gharama ya kutengeneza pleti (mabamba ya kuchapia) na kuandaa mashine ni ileile, uchape nakala 100 au 1,000. Ukiongeza idadi, bei ya nakala moja inashuka, na mwandishi anashawishika kuchapa 1,000 kwa akiba yake yote. Hela ya matangazo inaishia hapo, hata nauli ya kufika Makambako hana.

Anachobaki nacho ni kuzungusha vitabu madukani kwa mali kauli: duka linachukua mzigo, linakulipa vikishauzwa. Tuseme duka linakata asilimia 35; kwenye kitabu cha 10,000 unapata 6,500, na kama ulipeleka Januari unaweza kuingoja hadi mavuno. Sililaumu duka, nalo linalipa pango. Ninachosema ni kwamba mali kauli inahitaji mtu asiyeitegemea hela ile kula kesho.

Kwa hiyo ningepanga kinyume. Miezi ya mvua ni ya kuhariri, na ya kuomba ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania (za kwetu, baada ya 978, huanza na 9976, 9987 au 9912). Aprili, chapa nakala 50 kwa mashine ya dijitali, isiyohitaji pleti. Kila moja itakuwa ghali zaidi, sawa, lakini zinatosha kuwapa mtangazaji wa redio ya mkoa, mwalimu wa Kiswahili na mchungaji anayeweza kukutangaza baada ya ibada. Kuanzia Mei weka kipande kimoja kila wiki kwenye stetasi ya WhatsApp, na uandike daftarini kila anayesema "niwekee changu": jina, mji, ameshalipa au bado. Mwishoni mwa Juni daftari hilo ndilo likwambie uchape ngapi kwa ofseti. Walioko Tunduma na Sumbawanga unawatumia kwa basi, jina na namba ya simu vikiwa vimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya bahasha, na gharama ya kutuma mkiwa mmekubaliana mapema nani analipa.