Furu, fukusi na mafunjo: jinsi uhai wa Ziwa Victoria unavyoshikana

Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi yoyote, utakuta biashara karibu yote imebebwa na samaki wa aina tatu: dagaa, sangara na sato. Vijana wengi wa Mwanza wanaamini hivyo ndivyo ziwa lilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyavu za utafiti zilizokokotwa chini ya ziwa zilikuwa zikitoka na furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa hili, kwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote. Sangara aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na sato naye ni mgeni wa kipindi hicho hicho. Wenyeji halisi wa jamii ya sato, yaani ngege na mbiru, sasa ni nadra ziwani, na masalia yao wako zaidi kwenye maziwa madogo na mabwawa ya pembeni.

Mazungumzo kuhusu mabadiliko haya huishia kwenye kilo na bei. Sisi tunataka mkazi wa mwambao aone upande mwingine. Kiumbe akitoweka ziwani, hutoweka pia kazi aliyokuwa akiifanya, na gharama ya kazi hiyo mara nyingi humwangukia mtu wa nchi kavu ambaye hajawahi kushika wavu.

Tuanze na chakula. Chini kabisa kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoelea na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Vijidudu vidogo vya majini hula mwani huo, dagaa hula vijidudu, sangara hula dagaa. Katika kila hatua, takriban sehemu moja kati ya kumi ya kilicholiwa ndiyo hugeuka mwili. Inayobaki huishia kwenye kupumua, kuogelea na kinyesi. Kwa hesabu hiyo ya makadirio, kilo moja ya sangara aliyekua kwa kula dagaa imetokana na kilo 10 za dagaa, zilizotokana na kilo 100 za vijidudu, vilivyokula tani moja ya mwani. Ndiyo maana ziwa haliwezi kuwa na sangara wengi kama dagaa, hata uvuvi ukisimamiwa vizuri namna gani. Na ndiyo maana dagaa akivuliwa kupita kiasi, mvuvi wa sangara naye huumia, hata kama nyavu zake zote ni halali.

Mnyororo huo ulionyooka ni wa leo. Enzi za furu haukuwa mnyororo, ulikuwa utando. Furu wa Ziwa Victoria walikuwa zaidi ya aina 500, na kila kundi lilikuwa na riziki yake: waliokula tope la chini pamoja na mabaki ya mwani, waliokwangua mwani kwenye miamba, waliokula uduvi, waliokula mabuu ya wadudu, waliokula furu wenzao, hata waliokula magamba ya samaki wengine. Chukua wale waliokula konokono. Nyuma ya mdomo wa kawaida, furu ana mataya mengine kooni. Kwa walao konokono, mataya hayo ni manene na meno yake ni butu, na hulisaga gamba la konokono kabla halijafika tumboni. Baadhi ya konokono wa ziwa letu ndio hubeba vimelea vya kichocho. Sangara walipoongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980 na furu wakapungua vibaya, walaji wa konokono walikuwa miongoni mwa waliopungua. Hatusemi kwamba kichocho cha mwambao kimesababishwa na sangara; ugonjwa ulikuwepo kabla, na chanzo chake kikuu ni kinyesi na mkojo wa binadamu kuingia majini. Lakini mlinzi mmoja kati ya waliokuwepo amepungua, na kazi yake sasa inafanywa kwa vyoo na vidonge. Kwa anayeoga maji ya ziwa: yachote na kuyatunza kwenye chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, kwa saa 48 kabla ya kuyatumia. Vimelea vinavyopenya ngozi hufa ndani ya muda huo.

Kupungua kwa furu kulifungua nafasi kwa wengine. Uduvi, ambao huvumilia maji yenye hewa kidogo kuliko samaki wengi, waliongezeka sana na wakawa chakula kikuu cha sangara wadogo. Dagaa nao waliongezeka, kwa sababu hukomaa mapema, huzaliana haraka na huishi maji ya juu ya kilindini. Sangara mwenyewe, alipokosa furu, aligeukia uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe.

Kuna njia nyingine ambayo mabadiliko haya yalipita, na watu wachache huiwaza: jikoni. Furu ni mdogo, na jua lilitosha kumkausha. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi. Akianikwa juani huoza kabla ya kukauka. Lazima akaangwe au abanikwe kwa moshi, na moshi unataka kuni. Miti ikakatwa kwenye visiwa na vilima vya pembezoni. Kilima kikibaki kitupu, mvua ya masika hukomba udongo wa juu pamoja na fosforasi (madini yanayolisha mimea) iliyomo na kuvimwaga ziwani. Ukijumlisha samadi, mbolea za mashambani, majitaka ya miji na majivu ya misitu na mashamba yanayochomwa, ambayo upepo huyabeba hadi majini, mwani unapata lishe kuliko unavyohitaji.

Hapo ndipo umbo la ziwa linapokuwa na maana. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu, na penye kina kirefu kabisa hapazidi sana mita 80. Ziwa Tanganyika lina kina kinachozidi mita 1,400. Letu ni pana na fupi kwenda chini, kwa hiyo kinachoingia kutoka kwenye mabonde ya Simiyu, Mara na Kagera huonekana majini mapema.

Mwani ukizidi, mchana hutoa hewa ya oksijeni na usiku huitumia. Ukifa huzama, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni iliyobaki chini. Miezi ya joto, maji ya juu hulala juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, hewa haishuki, na sehemu ya chini ya ziwa hubaki bila samaki. Upepo mkali ukiyapindua ghafla, maji yasiyo na hewa hupanda, na asubuhi wavuvi hukuta samaki wamekufa wakielea. Wengi hudhani ni sumu ya wavuvi haramu. Wakati mwingine ni kweli, lakini dalili husaidia: kama waliokufa ni sangara wengi huku kambare na kamongo wakiwa hai, shuku ukosefu wa hewa kwanza. Kamongo hupumua hewa ya juu, kambare naye anaweza kuipumua maji yakichafuka, sangara hawezi. Kwa vyovyote vile, usiokote samaki hao kwa chakula, na toa taarifa kwa ofisa uvuvi au BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya mwalo wako.

Mwani ukitanda kama rangi ya kijani iliyomwagika, usichote maji hapo wala usinyweshe mifugo. Baadhi ya aina zake hutoa sumu inayodhuru ini, na kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo.

Uchafu wa maji una madhara mengine ya kimyakimya. Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza wanaishi furu wawili wanaohusiana kwa karibu sana. Mmoja dume lake ni la buluu, Pundamilia pundamilia. Mwingine dume lake lina mgongo mwekundu, naye amepewa jina la Mwalimu Nyerere: Pundamilia nyererei. Majike yao hufanana, na humchagua dume kwa rangi. Kwenye maji maangavu kila jike humfuata dume wa aina yake, na aina mbili hubaki mbili. Kwenye maji yenye tope rangi hazionekani vizuri, uchaguzi huchanganyika, na baada ya muda hubaki furu wa aina moja wa rangi za katikati. Hakuna wavu uliowagusa. Aina nzima ya samaki inaweza kutoweka kwa sababu kilima cha juu kimelimwa bila makinga maji.

Magugu maji nayo ni mgeni, kutoka Amerika Kusini, na yalionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwenye maji yenye lishe, eneo lililofunikwa huweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Katikati ya miaka ya 1990 nchi zetu zilileta fukusi wa aina mbili wanaokula magugu hayo, wenye asili ya huko huko yalikotoka, waliochunguzwa kwanza kuhakikisha hawali mazao. Mwisho wa muongo huo magugu yalikuwa yamepungua sana, mawimbi na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikisaidia.

Fukusi hao bado wapo, na kila mtu wa mwalo anapaswa kuwatambua. Ng'oa gugu moja na utazame jani lake juani. Ukiona alama ndogo za mraba zenye upana wa milimita 2 au 3, ambapo ngozi ya kijani imekwanguliwa na kubaki weupe, hapo fukusi amekula usiku. Pasua kikonyo kilichovimba kwa ukucha: buu lake ni jeupe, halina miguu, kichwa ni cha kahawia, na nyuma yake kuna njia nyeusi iliyooza. Njia hizo ndizo huingiza maji hadi gugu likazama. Akikaribia kukomaa, buu hushuka kwenye mizizi na kujifungia humo ndani ya kijifuko kidogo. Kutoka yai hadi fukusi mkubwa ni kama miezi mitatu.

Kwa hiyo kampeni ya kung'oa magugu yote na kuyarundika nchi kavu inaua pia wanaoyala. Mbegu zilizolala kwenye tope huweza kuota hata baada ya miaka 15, na magugu mapya huota pasipo mlaji. Ushauri wetu ni huu: ondoeni magugu kwenye gati, njia za mitumbwi na vyanzo vya maji, lakini yale yenye alama nyingi yaliyo pembeni, pasipopita watu, yaachwe sehemu yawe kitalu cha fukusi. Yaliyotolewa yapelekwe juu ya mstari wa mawimbi, vinginevyo dhoruba moja huyarudisha. Kupulizia dawa eneo kubwa kwa mkupuo hatukushauri. Magugu hufa kwa pamoja, huzama kwa pamoja, na kuoza kwake hunyima samaki hewa.

Mafunjo na matete huonewa zaidi, kwa kuwa hayana mteja wa samaki anayeyatetea. Mizizi yake hupunguza kasi ya maji ya mto, tope hutuama, na sehemu ya fosforasi hubaki kwenye mimea badala ya kufika ziwani. Ndani ya mafunjo hewa ya majini ni kidogo, na hiyo ndiyo faida yake: sangara hawezi kukaa humo, furu na watoto wa kambare wanaweza. Baadhi ya furu waliodhaniwa wameisha walinusurika kwenye maficho ya namna hiyo. Anayevuna mafunjo kwa mikeka au kuezeka akate juu ya maji, kwa zamu, sehemu moja baada ya nyingine. Shina la chini litachipua tena. Akiyang'oa au kuyachoma ukame ukiwa umekausha tope, hayachipui. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira hayo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 60 ni hatua kama 80 za mtu mzima. Zipimeni pamoja na viongozi wa mtaa kabla ya msimu wa kulima.

Shule na BMU zinaweza kufuatilia haya kwa kupima uangavu wa maji kwa kifaa cha bei ndogo. Kata kisahani cha bati au plastiki ngumu chenye kipenyo cha sentimita 20, kigawe robo nne na uzipake nyeusi na nyeupe kwa kupishana. Toboa katikati, funga jiwe chini, na kamba yenye alama kila sentimita 10 juu. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, ziwa likiwa tulivu. Shusha hadi kisipoonekana, andika kina. Pandisha taratibu hadi kionekane, andika tena. Wastani wa namba hizo mbili ndio jibu. Mtu yule yule apime, mahali pale pale, kila wiki.

Namba ikishuka siku chache baada ya mvua na maji yakawa ya kahawia, ni udongo: tafuteni shamba au barabara inayomwaga tope. Ikishuka wakati wa kiangazi na maji yakawa ya kijani, ni mwani, na chanzo kitafutwe kwenye vyoo, majosho, machinjio na mitaro inayoelekea ziwani. Chujeni maji hayo kwa kitambaa cheupe ili kuhakikisha rangi, na andikeni tarehe, saa, mahali na mvua ya mwisho kwenye daftari moja linalotunzwa ofisini kwa BMU.